Chakula cha mbwa cha kopo: Namna ya kusoma lebo, na kama chungu cha nyumbani kinaweza kufanya kazi hiyo

Mzee mmoja wa wilaya ya Itilima, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alitutumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ni ya kopo la chakula cha mbwa lenye picha ya nyama nyekundu inayong'aa. Kijana wake anayefanya kazi Mwanza alimletea makopo mawili aliporudi nyumbani. Picha ya pili ni ya watoto watatu wa mbwa. Walizaliwa watano, wawili wamekufa, na mmoja kati ya waliobaki ana miguu ya mbele iliyopinda, matege kabisa.

Mama yao ndiye anayelinda zizi. Mzee anasema tangu awe naye, fisi hajaingia tena. Swali lake lilikuwa fupi: "Watangazaji, naona haya makopo mbwa wanayapenda sana. Je, niuze mbuzi ninunue mengine, au ninadanganywa na picha?"

Tulilijibu kwa kifupi hewani, lakini muda wa redio ni mdogo na hesabu hazikamatiki vizuri kwa masikio peke yake. Kwa hiyo tumeandika hapa. Kama una kopo karibu lishike mkononi wakati unasoma. Kama huna usijali, sehemu kubwa ya makala hii inahusu chungu cha nyumbani kwako.

Ndani ya kopo kuna nini

Kitu kikubwa kuliko vyote ndani ya chakula cha kopo ni maji. Makopo mengi yana maji kati ya asilimia 75 na 82. Kopo la mzee wetu lina uzito wa gramu 400 na lebo yake inasema maji ni asilimia 80. Maana yake gramu 320 ni maji, karibu sawa na chupa moja ya soda. Chakula chenyewe ni gramu 80 zilizobaki.

Huo si wizi. Nyama mbichi nayo ina maji mengi, na maji hayo yanamsaidia mbwa asiyekunywa vizuri. Lakini unapolinganisha kopo na chakula kikavu cha mfuko, au na dagaa wa sokoni, ni lazima kwanza uyatoe maji, vinginevyo unalinganisha vitu visivyolingana.

Hesabu ya kutoa maji

Lebo ya kopo lile inasema hivi: protini asilimia 8, mafuta asilimia 5, nyuzinyuzi nusu asilimia, majivu asilimia 2.5, maji asilimia 80. Ukiiona hiyo 8 utasema protini ni kidogo. Mfuko wa chakula kikavu unaweza kuandikwa asilimia 22, na mtu akadhani mfuko umelishinda kopo karibu mara tatu.

Fanya hivi. Chukua 100, toa maji. Kwa kopo hili, 100 toa 80 inabaki 20. Sasa gawa protini kwa kilichobaki: 8 gawanya kwa 20, zidisha kwa 100, unapata asilimia 40. Kwa mfuko mkavu wenye maji asilimia 10, kinachobaki ni 90. Protini 22 gawanya kwa 90 unapata kama asilimia 24. Kumbe kopo ndilo lenye protini nyingi, ila limechanganywa na maji.

Sasa unahitaji kipimo cha kulinganisha. Chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha Marekani, kinachojulikana kama AAFCO, kimeweka kiwango cha chini: mbwa mkubwa apate protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula kikavu, na mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba au anayenyonyesha apate isiyopungua asilimia 22.5. Mafuta ni asilimia 5.5 kwa mkubwa na 8.5 kwa mtoto. Kwa hiyo kopo la mzee wetu, kwa protini na mafuta, limevuka kiwango.

Na hayo majivu? Wasikilizaji wawili walituuliza kama kiwandani wanaweka majivu ya jikoni. Hapana. Wakipima chakula maabara, wanakichoma hadi kiishe, na kinachobaki ni madini kama chokaa na fosforasi. Hicho ndicho kinaitwa majivu kwenye lebo.

Jina la mbele na orodha ya nyuma

Upande wa mbele wa kopo ni tangazo. Geuza nyuma utafute orodha ya viungo. Utaratibu wake ni kwamba kiungo chenye uzito mkubwa kinaandikwa kwanza, na kinachofuata ni kidogo zaidi, hadi mwisho. Kumbuka kwamba nyama hupimwa ikiwa mbichi na maji yake, ndiyo maana mara nyingi inatangulia.

Angalia pia neno dogo la Kiingereza "with". Kopo likiandikwa "with beef", yaani lenye nyama ya ng'ombe ndani yake, sheria za Marekani zinaruhusu nyama hiyo iwe asilimia 3 tu, na za Ulaya asilimia 4. Likiandikwa ladha ya ng'ombe, yaani "flavour", inatosha mbwa aweze kuitambua ladha. Kwa mtindo wa Marekani, kopo linaloitwa ng'ombe kwa mbwa, bila neno lingine la kupunguza, linatakiwa liwe na nyama hiyo asilimia 95 bila kuhesabu maji yaliyoongezwa. Unaona jinsi neno moja linavyobadilisha kilichomo.

Ukiona "by-products" au "animal derivatives", hayo ni mabaki ya machinjio: utumbo, mapafu, wengu, figo, maini. Usiogope. Sisi wenyewe tunakunywa supu ya utumbo. Kwa mbwa, ini na figo vina virutubisho vingi kuliko mnofu. Tatizo la maneno hayo ni kwamba hayakuambii ni kiungo gani hasa, wala cha mnyama gani.

Neno la muhimu kuliko yote ni "complete". Maana yake ni chakula kinachojitosheleza: protini, mafuta, madini na vitamini vimepangwa ili mbwa aishi kwa hicho peke yake. Likiandikwa "complementary", hicho ni kitoweo, kinahitaji kuchanganywa na kingine. Angalia pia kimeandikwa ni cha umri gani. Chakula cha mbwa mzima hakimtoshi mtoto anayejenga mifupa.

Lebo ina mipaka yake

Mwaka 2007 wenye mbwa na paka wa Marekani na Canada waliona wanyama wao wakifa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Mwezi Machi kampuni ya Menu Foods ya Canada iliondoa sokoni zaidi ya makopo na pakiti milioni 60 za chakula chenye majimaji. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga wa protini ya ngano ulioagizwa kutoka China ulikuwa umechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki.

Kwa nini melamini? Kipimo cha kawaida cha protini hakihesabu protini yenyewe. Kinapima naitrojeni, halafu kiasi cha protini kinakadiriwa kutokana nayo. Melamini ina naitrojeni nyingi. Ukiiweka kwenye unga hafifu, kipimo kinasema protini ni nyingi. Ndiyo maana namba ya protini peke yake haitoshi. Tazama na orodha, nunua duka la pembejeo za mifugo unalolifahamu, na angalia tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kopo lililovimba, linalovuja au lenye kutu iliyopenya usilitumie hata kama umelinunua kwa fedha nyingi. Kopo zima halihitaji friji kwa sababu limepikwa likiwa limefungwa. Ukishalifungua, kwa joto letu la Bariadi na bila friji, mpe mbwa amalize siku hiyohiyo. Kilichobaki kwenye chombo kwa saa mbili au zaidi kitupe.

Je, auze mbuzi?

Mbwa wa kilo 20 anayetembea na mifugo anahitaji kama kalori 1,000 kwa siku, na anayeshinda machungani anaweza kuhitaji zaidi. Kopo lile, kwa hesabu ya protini, mafuta na wanga uliomo, lina kalori kama 340. Kwa hiyo mbwa mmoja anahitaji makopo matatu kwa siku.

Tuseme kwa mfano kopo ni shilingi 6,000. Makopo matatu ni 18,000 kwa siku, na kwa mwezi ni 540,000. Weka bei ya dukani kwako, hesabu ni ileile. Mbuzi mmoja hafiki mbali.

Kwa hiyo jibu letu kwa mzee ni hapana, mbuzi abaki zizini. Lakini hatusemi aendelee kama alivyokuwa. Alipotueleza anachowalisha, alitaja ugali uliobaki, maji ya kuoshea sufuria, na wakati wa njaa michembe. Vyote hivyo ni wanga. Vinashibisha, lakini protini yake ni ndogo na chokaa karibu hakuna. Mtoto wa mbwa akikosa chokaa mifupa inakuwa laini, na uzito wa mwili unaipinda. Minyoo nayo inaiba kidogo kilichopo.

Chungu cha nyumbani

Mkoa wetu unagusa Ziwa Victoria upande wa Busega, na dagaa wanafika kwenye magulio yetu yote. Dagaa wakavu ni zaidi ya nusu protini, na kwa sababu wanaliwa na mifupa yao, chokaa imo humohumo. Gramu 60 za dagaa wakavu zina protini kama gramu 33. Kopo zima la mzee wetu lina gramu 32. Yaani konzi chache za dagaa zinalingana na kopo zima kwa protini.

Kwa mbwa mkubwa wa kilo 20, kwa siku moja:

- Unga wa mahindi, mtama au uwele gramu 200. Kilo moja inatosha siku 5.
- Dagaa wakavu gramu 60. Kwa siku 5 ni gramu 300.
- Mafuta ya kula vijiko viwili vya chai.

Loweka dagaa, waoshe mara mbili hadi mchanga ubaki chini, kwa sababu wengi hukaushwa juu ya mchanga na mchanga unaongeza uzito tu. Watwange, wachemshe, kisha songa ugali laini humohumo. Usiweke chumvi. Weka mafuta mwishoni. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni.

Ukijumlisha, chakula hiki kina kalori kama 1,000, na ukitoa maji, protini ni karibu asilimia 20. Kimevuka kiwango cha mbwa mkubwa. Kwa watoto na jike anayenyonyesha ongeza dagaa hadi nusu ya uzito wa unga, pika kama uji mzito, na watoto wape kidogokidogo mara nne kwa siku. Mara moja kwa wiki weka kipande cha ini lililoiva kwa ajili ya vitamini. Yai lililochemshwa likipatikana ni zuri sana.

Hatusemi chungu hiki kimekamilika kama kopo lenye neno "complete". Kuna madini na vitamini ambavyo hakifikii. Lakini ukikilinganisha na ugali mtupu, ni hatua kubwa. Na usibadilishe chakula kwa siku moja, mbwa ataharisha. Changanya kidogokidogo kwa wiki nzima.

Vitu vya kwetu vinavyoua mbwa

Hapa tunaomba usome polepole.

*Mahindi yenye ukungu.* Wengi wetu tukiona mahindi yameota ukungu tunasema wapewe mbwa. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, inayoharibu ini. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu hapa kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi. Akianza kukataa chakula, kutapika, ufizi ukawa wa njano au kinyesi kikawa cheusi, mwite afisa mifugo mara moja. Pumba za mahindi mabovu nazo ni vilevile.

*Mashudu ya pamba.* Huku kwetu pamba ni uchumi, na mashudu yake yanawanenepesha ng'ombe. Lakini mbegu ya pamba ina sumu inayoitwa gosipoli. Tumbo la ng'ombe mkubwa linaweza kuidhibiti kwa kiasi fulani. Mbwa hana tumbo la namna hiyo. Sumu inajikusanya mwilini siku baada ya siku na kuudhuru moyo, hadi mbwa anahema kwa shida na kufa. Usimchanganyie mashudu hayo kwenye ugali hata kidogo, na funika vizuri gunia la ng'ombe.

*Mabaki ya mezani yenye vitunguu.* Vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, vikiwa vibichi au vimepikwa. Mchuzi wa jana wenye vitunguu vingi usimpe.

*Mifupa ya kuku iliyopikwa.* Inavunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo.

Mapafu na maini ya machinjioni

Hili linamgusa mbwa, lakini zaidi linamgusa mtoto wako. Unapochinja mbuzi, kondoo au ng'ombe, wakati mwingine unakuta kwenye mapafu au ini mifuko iliyojaa maji. Watu wanaikata na kumrushia mbwa. Ndani ya mifuko hiyo mna vichwa vya minyoo wadogo sana. Mbwa akila, minyoo inakua tumboni mwake na mayai yanatoka na kinyesi. Mtoto anamshikashika mbwa, anakula bila kunawa, na mayai yanaingia. Miaka baadaye mfuko uleule unaota kwenye ini au mapafu ya binadamu, na tiba yake mara nyingi ni upasuaji.

Kichwa cha kondoo au mbuzi aliyekuwa anazunguka huku na huku bila mwelekeo nacho usimpe mbwa. Ndani ya ubongo kuna lengelenge la minyoo wa namna nyingine, na mbwa ataurudisha ugonjwa kwenye kundi lako kupitia majani ya malisho.

Dawa yake ni rahisi. Ogani yenye mifuko ya maji ichome au ifukie kwa kina ambacho mbwa hafukui. Nyama ya machinjioni iliyo nzima ichemshe iive kabisa kabla ya kumpa. Muulize afisa mifugo wa kata dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, na ratiba ya kuitoa.

Mbwa aliyeshiba hukaa nyumbani

Mbwa mwenye njaa hutafuta. Anakwenda jalalani, kwa jirani, porini kwenye mizoga, na huko anakutana na mbwa wasiojulikana. Sisi tunaoishi jirani na Serengeti na Pori la Akiba Maswa tuna sababu ya ziada ya kujali. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi ambao mbwa pia huupata, unaoitwa distempa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Na kichaa cha mbwa bado kinaua watu. Chakula kizuri si chanjo. Mpeleke mbwa wako achanjwe chanjo inapotangazwa kijijini. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na maeneo mengi huitumia kwa kazi hiyo.

Tulichomwambia mzee

Makopo mawili aliyonayo asiyatupe. Tulimwomba asome nyuma, akatutumia picha: limeandikwa "complete", lakini ni la mbwa wazima. Basi tukamshauri ampe yule mama anayenyonyesha, nusu kopo kwa siku, likichanganywa na ugali wa dagaa, hadi yaishe. Watoto waanze uji wa dagaa. Yule mwenye matege apelekwe kwa afisa mifugo aangaliwe minyoo na mifupa, kwa sababu picha ya simu haiwezi kutuambia kama kuna ugonjwa mwingine.

Alitujibu kwa ujumbe wa sauti. Nyuma ya sauti yake mbuzi walikuwa wanalia. "Sawa. Mbuzi anabaki. Jumatatu ni gulio, nitapima dagaa kilo mbili." Kisha akauliza kama dagaa hao familia nayo inaweza kula.

Ndiyo mzee wetu, inaweza. Ila yenu itoeni chunguni kabla ya ya mbwa, muiunge kwa nyanya na vitunguu, na huo mchuzi msimpe mbwa.